Kivuli cha Panga Ukutani

Ukuta wa stoo ya shamba ulikuwa wa mbao zilizopakwa chokaa, na juu ya chokaa hiyo baba yangu alikuwa amechora kwa lami umbo la kila chombo kilichotundikwa pale. Majembe yalikuwa upande wa kushoto, kisha sururu, makoleo, mashoka, misumeno miwili, spana kutoka kubwa hadi ndogo, na upande wa kulia, karibu na mlango, mapanga ishirini na manne katika safu mbili. Chombo kikitolewa, umbo lake lilibaki pale, jeusi. Wafanyakazi waliyaita maumbo hayo vivuli. Saa moja asubuhi ukuta ulijaa vivuli vitupu. Saa kumi jioni, nyapara akigonga kipande cha reli kilichoning'inia nje, watu walirudi na vivuli vikaanza kuvaa vitu vyao kimoja kimoja. Baba hakuhitaji daftari. Alisimama mlangoni akautazama ukuta kama mzazi anavyotazama uso wa mtoto kujua kama ameoga.

Shamba lilikuwa upande wa Rongai, mahindi na ngano bondeni, pareto kwenye mteremko. Baba alikuwa ametoka magharibi akiwa kijana, akaanza kwa kuswaga maksai, na baada ya miaka mingi akapewa ufunguo wa stoo. Sisi tulizaliwa pale pale kwenye laini, yaani safu ya nyumba za udongo na nyasi walimokaa wafanyakazi. Yetu ilikuwa ya tatu kutoka mwisho, na kati yake na stoo palikuwa na shamba moja la mahindi na mfereji wa maji.

Mwaka nilioanza shule, baba alirudi nyumbani Jumapili moja na kipande cha makaa mkononi, akaanza kuchora ukuta wetu wa ndani, ule unaotazama mlango. Aliishika sufuria ukutani kwa mkono wa kushoto, akaizungushia makaa kwa mkono wa kulia, akapigilia kijiti alichokichonga, akaitundika. Kisha mwiko. Kisha chujio, taa, vikombe vitano vya bati, panga la nyumbani, kibao changu cha kuandikia ambacho alikitoboa tundu juu ili kitundikwe.

Mama alikuwa akichambua maharagwe. Alimtazama mpaka alipofika kwenye ungo.

"Baba watoto," alisema, "stoo imekuja kulala hapa?"

"Haijaja kulala. Imekuja kufundisha hawa."

Kaka yangu alikuwa na miaka kumi na mitano na alisoma shule ya kati, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Siku hizo alikuwa na mambo mawili aliyoyathamini, mstari wa nywele zake na kitana kilichoufanya mstari huo. Baba alipokishika kile kitana na kukiweka ukutani, kaka aliinuka.

"Mpaka kitana, baba?"

"Hasa kitana. Kila asubuhi nyumba nzima inakitafuta."

"Wenzangu wakija watasema nini?"

"Watasema hapa kuna mtu anachana nywele. Si ndiyo unataka wajue?"

Mama aliinama juu ya maharagwe yake ili tusimwone akicheka. Mdogo wetu, ambaye bado hakuwa ametimiza miaka minne, aliona kwamba kila kitu kimepata kivuli isipokuwa yeye. Alienda akaegemea ukuta karibu na mlango, mikono chini, visigino vimegusana, akangoja. Baba alimzungushia makaa kuanzia mguu wa kushoto hadi wa kulia, pamoja na masikio. Tangu siku hiyo, kila mtu mzima alipoingia nyumbani kukagua jambo lolote, mdogo wetu alikimbia akajipanga ndani ya kivuli chake.

Sheria zilikuwa mbili. Anayetoa kitu ukutani ndiye anayekirudisha, hata kama mwingine amekitumia baada yake. Na kabla ya chakula cha jioni, mtoto mmoja anasoma ukuta. Kuusoma ukuta kulikuwa na namna yake. Unasimama mlangoni, mikono nyuma, unaanzia kushoto, na kila kitu unakitaja, kipo au hakipo, na kama hakipo, kiko wapi na nani anacho. "Sufuria kubwa ipo. Ndogo haipo, iko motoni, mama anayo. Mwiko hauko, uko na mama. Kitana kipo. Panga halipo, liko nje, kaka analo." Usipojua kitu kiko wapi, hakuna anayekula mpaka kipatikane. Kaka aliusoma kwa sauti ya mtu anayejibu mashtaka, ila aliusoma. Mimi niliupenda. Mtoto wa miaka saba hana mambo mengi ambayo ana hakika nayo, na pale nilikuwa na hakika ya vitu kumi na tisa kila jioni.

Sina budi kueleza kwa nini panga lilikuwa na uzito kuliko vitu vingine. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ya wakoloni ikipigana na wapiganaji wa msituni. Amri ilikuwa imeshuka kwamba mapanga ya shamba yahesabiwe na kufungiwa kila jioni, na kwamba kila nyumba ya laini iwe na panga moja tu. Saa kumi na mbili kila mtu awe ndani kwa sababu ya kafyu. Siku mwenye shamba, mzungu mrefu aliyetembea ameinama kidogo kama anayepita chini ya mlango, alipomwita baba kumweleza amri hiyo, alimwonyesha zile safu mbili ukutani kwa fimbo yake akasema kwa Kiswahili chake cha mashambani, "Panga moja napotea, wewe napotea." Baba alituambia maneno hayo jioni bila kuyaongeza wala kuyapunguza. Tulielewa. Kupotea kulikuwa kupoteza ufunguo, nyumba, shamba la mama la viazi, shule zetu mbili, na mbele ya hapo pengine jambo baya zaidi ambalo watu wazima walinyamaza tulipokaribia.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi, wakati wa kukata mahindi. Nilikuwa nimefikisha miaka kumi. Wakataji walikuwa katika lile shamba lililo kati yetu na stoo, wakikata mabua kwa mapanga na kuyasimamisha kwa mafungu yakauke. Nilitoka shule kiasi cha saa nane u nusu, nikafuata njia ya mfereji. Penye jiwe la kufulia niliona panga limelazwa kwenye nyasi, mpini umeelekea maji. Hapakuwa na mtu.

Jiwe lile mama alilipita kila siku akienda kwenye viazi vyake. Panga letu lilikuwa la aina ile ile ya mapanga ya shamba, lilinunuliwa duka moja, na mpini wake ulikuwa umeng'aa kwa jasho kama mipini mingine yote. Niliwaza, mama amesahau panga. Nilijisikia mkubwa. Nililibeba kama tulivyofundishwa, ncha ikitazama chini, nikaingia nyumbani na kutazama ukuta. Kivuli cha panga kilikuwa kitupu. Basi, ni letu. Nilivuta kigoda, nikapanda, nikalitundika, nikahakikisha limefuata mstari wa makaa juu na chini. Kisha nilikaa kusubiri jioni, nikiwaza vile nitakavyolitaja bila haraka, kana kwamba si neno: panga lipo, lilikuwa mferejini, nililirudisha mimi.

Saa kumi reli iligongwa. Baada ya muda ikagongwa tena. Mlio wa pili sikuwa nimeusikia tangu amri ile itoke. Wanawake wa laini walitoka milangoni. Kaka alikuwa amefika kutoka shule na hata hakuwa ameweka vitabu chini. Alikimbia mpaka stoo akarudi anahema.

"Panga moja hakuna. Mzungu yuko pale. Baba amesimama tu."

"Nani alikuwa nayo?" jirani mmoja aliuliza.

"Yule kijana mwembamba anayekaa nyumba ya mwisho. Anasema aliiweka kwa mfereji akaenda kujisaidia, kurudi haiko. Nyapara anamwambia panga haina miguu."

Niligeuka nikatazama ukuta wetu. Ninakumbuka vizuri kwamba nilifanya hivyo, na nilifanya kwa mazoea, kama mtu anayejipapasa mfukoni akisikia mwenzake ameibiwa.

"Yetu iko," nilimwambia kaka.

"Yetu si shida," alisema, akaitupa mikoba yake ya vitabu sakafuni, jambo ambalo siku nyingine lingemletea maneno, akarudi mbio kwenda kuwasaidia kutafuta.

Kutoka mlangoni niliwaona. Wakataji walikuwa wamejipanga mstari mmoja, wakilichana lile shamba fungu kwa fungu, wakiyaangusha mabua waliyokuwa wameyasimamisha siku nzima. Kijana mwembamba alikuwa amewekwa kando, amechuchumaa karibu na kuta za stoo, na nyapara amesimama juu yake. Jua lilikuwa bado juu ya mlima wa magharibi, kama saa moja na kitu kabla ya kafyu. Baada ya kafyu hakuna ambaye angeruhusiwa kutafuta, na panga lingehesabiwa limepotea. Nilimwonea huruma baba. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwenye panga lenyewe, na nilimwonea huruma kwa moyo wote.

Mama alirudi amebeba viazi mgongoni. Habari alikuwa amezisikia njiani, maana aliingia haraka bila kusalimia mtu. Alitua kikapu, akachomoa panga humo, na mkono wake ukaenda ukutani bila yeye kutazama, kama ulivyoenda kila siku kwa miaka mitatu. Chuma kiligonga chuma.

Mama alitazama. Alitazama lililo mkononi, akatazama lililo ukutani.

"Nani ameweka hii?"

"Mimi."

"Umeitoa wapi?"

Nilifungua mdomo kusema ulisahau mferejini, na nikiwa na neno la kwanza kwenye ulimi nikaelewa. Sikulisema. Mama hakuwa na haja tena ya jibu. Alikaa kwenye kigoda, mara moja tu, akainuka. Baadaye sana aliniambia alichokiona wakati ule. Hakuona mtoto aliyekosea. Aliona panga la pili ndani ya nyumba ya mtunza stoo, limetundikwa waziwazi kama la kwake.

"Itoe," alisema.

Niliitoa. Alivua leso yake mabegani kama anayetaka kulifunika, akafikiri, akairudisha.

"Hapana. Tukiifunika tumeiba. Beba vile uliibeba kuja. Pita katikati ya njia, waone."

Tulitoka, mimi mbele na panga ncha chini, mama nyuma, mdogo wetu akijivuta nyuma yake, hadi mama alipomgeukia na kumwambia abaki nyumbani alinde nyumba. Njia ile niliipita kila siku na sijawahi kuiona ndefu vile. Wakataji walituona kwanza. Mmoja akasimama, mwingine akasimama, na mstari wote ukakatika. Kaka alikuwa kati yao. Aliona kilicho mkononi mwangu akashika kichwa chake kwa mikono miwili, akauharibu ule mstari wa nywele.

Baba alikuwa mlangoni mwa stoo, ukuta nyuma yake. Mapanga ishirini na matatu yalikuwa mahali pake, na kivuli kimoja kitupu, cha pili kutoka mwisho katika safu ya chini. Aliniita kwa jina aliloniita siku zote, mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Mama, umeitoa wapi?"

"Mferejini. Nilifikiri ni yetu."

"Ukaipeleka wapi?"

"Nyumbani. Kwa kivuli yake."

Mzungu alimtazama baba. "Nasema nini hii toto? Kivuli gani?"

Baba alijaribu kueleza, na kwa mara ya kwanza nilimwona maneno yakimshinda. Kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyosikika kama hadithi ya kutungwa: nyumbani pia kuna ukuta, ukuta una vivuli, mtoto ameona kivuli kitupu. Nyapara alikohoa. Mzungu alinyanyua fimbo yake kidogo, akamkatiza.

"Mimi nataka ona."

Ndivyo mwenye shamba alivyotembea hadi laini saa kumi na moja jioni, baba kando yake, sisi nyuma, na nyuma yetu wakataji wote. Hakuwa amewahi kuingia nyumba yetu. Mlangoni aliinama, na safari hii alikuwa na sababu. Baba aliingia naye. Mama na mimi tulisimama kizingitini.

Panga letu mama alikuwa ameliacha limetundikwa mahali pake. Mikoba ya kaka ilikuwa sakafuni. Kila kitu kingine kilikuwa ukutani: ungo, chujio, taa, vikombe, kitana. Mzungu alisimama katikati ya nyumba akausoma ukuta, kutoka kushoto kwenda kulia, kama anayeujua utaratibu wetu. Aligusa mstari wa makaa kuzunguka panga, akatazama kidole chake cheusi. Alipofika mwisho, karibu na mlango, alimkuta mdogo wetu. Alikuwa ndani ya kivuli chake, mikono chini, visigino vimegusana. Kimo chake kilikuwa kimeupita mchoro wa Krismasi iliyopita; utosi ulitokeza juu ya mstari wa makaa. Alikuwa ameshika pumzi.

Mzungu alimwelekezea fimbo yake.

"Hii moja hapana potea," alisema.

Aliinama, akatoka. Nje alimwambia baba aweke namba kwenye kila mpini, na kwamba angekuja Jumatatu kuzitazama. Kisha akaenda. Ufunguo haukuguswa. Ulikuwa bado kwenye kamba kiunoni mwa baba, na niliona mkono wake ukishuka polepole kuushika.

Watu walianza kusema wote pamoja. Nyapara alimwambia yule kijana mwembamba, "Kumbe panga ina miguu. Miguu ya mtoto wa shule." Kijana hakucheka. Alikaa chini palepale njiani kama gunia lililotuliwa, na baba akaenda kuchuchumaa mbele yake.

"Ulisema kweli na sisi hatukusikia," alimwambia. "Lakini kesho, ukienda msalani, nenda nayo."

"Nitaenda nayo hata kanisani, mzee."

Hapo kijana naye alicheka. Baba alinirudisha stoo, mimi na yeye peke yetu, nikalitundika lile panga kwa mkono wangu mahali pake katika safu ya chini, na akafunga mlango. Tulifika nyumbani robo saa kabla ya kafyu.

Nilingoja kuchapwa. Zamu ya kusoma ukuta ilikuwa yangu, na sikutaka kuusoma. Baba alisema nisome. Nilisoma. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Karani wa shamba aliniambia tangu mwaka juzi niweke namba. Nikamwambia ukuta unatosha." Alimega ugali. "Ukuta unasema kitu kinakaa wapi. Hausemi ni cha nani. Hilo ilikuwa kazi yangu, si yako."

"Na mimi?"

"Wewe uliokota kitu hukuuliza. Kesho utauliza."

Huko ndiko kuchapwa kwangu kote. Kaka, ambaye mikoba yake ilikuwa bado sakafuni, aliinuka kimya akaitundika kabla hajaambiwa.

Jumamosi baada ya posho baba aliwasha moto nyuma ya stoo, akaweka msumari mrefu ndani hadi ukawa mwekundu. Mimi nilishika mipini, mmoja mmoja, naye akachoma namba, kuanzia moja. Kaka alipewa kazi ya kupaka namba ileile kwa lami ndani ya kila kivuli ukutani, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa baba. Moshi wa mbao ulinukia vizuri. Tulipofika kumi na saba kaka alisema, "Huyu naye apigwe chapa, tusije tukampoteza," na baba akanyoosha msumari wa moto kuelekea sikio langu, na mimi nikapiga kelele nikicheka, na nyapara aliyekuwa akipita akatikisa kichwa. Panga letu la nyumbani halikupewa namba. Baba alilichoma alama ndogo ya msalaba kwenye mpini, na kuanzia hapo kila kitu kilichotoka nyumbani mwetu kilikuwa na msalaba ule, hata mwiko.

Jumatatu mzungu alikuja, akatoa mapanga matatu bila mpango, akasoma mpini, akasoma ukuta, akayarudisha. Hakusema neno, na baba alisema hilo lilikuwa neno zuri kuliko yote.

Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi mama alisiriba nyumba kwa udongo mweupe kama kila mwaka, na vivuli vyote vikafutika. Vitu vilikaa siku mbili juu ya kitanda na chini ya meza. Jioni ya pili ukuta ulipokauka, baba alichukua kipande cha makaa kutoka jikoni. Nilidhani ataanza na sufuria kama miaka yote. Alinipa mimi.

"Anza na unalolijua," alisema.

Nilipanda kigoda nikalishika panga ukutani kwa mkono wa kushoto. Lilikuwa zito na liliteleza kidogo, kwa hiyo mstari wa chini ulipinda, na uliendelea kupinda hivyo mwaka mzima mpaka Krismasi nyingine. Nilichora msalaba mdogo ndani yake. Nilipoteremka, mdogo wetu alikuwa amekwishajipanga karibu na mlango, visigino vimegusana, akiningoja.